Vipande 194,582 katika ngama tano

Nikifundisha upakiaji wa shehena huanza na safari moja ya mwaka 1954: meli Warrior, kutoka Brooklyn, New York, kwenda Bremerhaven, Ujerumani. Ilikuwa meli ya mizigo ya Marekani ya aina ya C2, urefu wake kama mita 140, yenye ngama tano (vyumba vya shehena ndani ya meli), nayo ilichukua mizigo ya jeshi. Ninaipenda kwa sababu watafiti waliihesabu shehena yake kipande kwa kipande.

Walipata tani 5,015 katika vipande 194,582: katoni 71,726, magunia 24,036, mapipa, vifurushi, hata magari 53. Ukigawanya, kila kipande kina wastani wa kilo 26 hivi. Huo ni mzigo wa begani, na kweli mabega ndiyo yaliyoubeba. Bidhaa zilitoka miji 151, na za kwanza zilifika zaidi ya mwezi mmoja kabla meli haijang'oa nanga.

Kupakia kulichukua siku 6, bahari siku 10 na nusu, kupakua siku 4 za kazi ya usiku na mchana. Kwa hiyo karibu nusu ya muda huo meli ilikuwa imefungwa gatini.

Chifu ofisa, msaidizi mkuu wa nahodha, ndiye aliyechora mpango wa ngama. Mapipa chini, katoni juu yake. Chenye harufu kali kisikaribie chakula. Meli ikiwa na bandari kadhaa mbele, mzigo wa bandari ya mwisho hutangulia kuingia. Tena uzito ugawanywe omo (mbele) na tezi (nyuma), la sivyo meli inainamia omo au tezi na usukani unakuwa mzito. Magunia hayakuruhusiwa kugusa chuma cha ubavuni: bahari ikipoa, chuma hutoa jasho, na matone hayo yanatosha kuozesha unga. Ndiyo maana zilitandikwa mbao chini na pembeni. Kwenye Warrior, mbao na kamba za kukazia shehena peke yake ziligharimu dola 5,031.69.

Kisha winchi, mashine ya kuvuta na kulegeza waya, sehemu ninayoweza kuieleza mchana kutwa. Meli za namna hii zilibeba vyombo vyao vya kunyanyulia. Mikono miwili ya mlingoti ilitegwa, mmoja juu ya mlango wa ngama, wa pili juu ya gati, na waya zake zikafungwa kwenye ndoano moja. Winchi ya kwanza inapandisha mzigo. Ya pili inauvuta upande wa pili huku ya kwanza ikilegeza taratibu. Mzigo ukipandishwa mno, pembe kati ya waya inapanuka, na ikipita nyuzi 120 kila waya unabeba zaidi ya uzito wa mzigo wenyewe. Hapo waya unaweza kukatika. Mwendesha winchi mara nyingi haoni chini kabisa. Anafuata ishara za mkono za mwenzake aliyesimama ukingoni. Heshima yangu kwa watu hao wawili ni kubwa.

Mwaka 1955 Malcom McLean, Mmarekani mfanyabiashara wa malori, aliinunua kampuni iliyomiliki Warrior. Aprili 1956 meli yake nyingine, Ideal X, ilitoka Newark kwenda Houston na makontena 58 sitahani. Kontena lina kuta za chuma zinazotoa jasho vilevile, na katoni zake hupondwa vilevile zikiwekwa chini ya mapipa, ila sasa aliyezipanga yuko ghalani, mbali na meli, na chifu ofisa hawezi kufungua mlango akague.