Kwa nini sanduku la kikoba lina kufuli tatu?

Pita mitaa ya Pasua, Moshi, Jumamosi mchana watu wakishatoka sokoni, hutakosa kuliona. Sanduku la bati limewekwa juu ya stuli, na akina mama ishirini na kitu wamelizunguka kwenye viti vya plastiki. Ni kikoba, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, kimekutana. Lina kufuli tatu. Mama wa kwanza anafungua pindo la khanga na kutoa ufunguo wake. Wa pili anauvuta wa kwake kutoka shingoni, kaufunga kwa kamba ya kiatu. Wa tatu hajafika. Alikuwa Kiboriloni, daladala imemchelewesha, na mpaka atokee hakuna shilingi itakayoingia wala kutoka. Watu wanapiga soga. Katibu anatazama saa, maana mchelewaji ana faini yake, awe na ufunguo asiwe nao.

Anayeona jambo hili kwa mara ya kwanza hujiuliza: kwani kufuli moja nzuri haitoshi?

Wengi watakujibu kwamba ni kwa ajili ya wezi. Lakini sanduku lenyewe fundi wa kuchomelea kalitengeneza kwa bati ambalo tindo na nyundo vinalimaliza kwa dakika chache, na mwizi mwenye haraka hahitaji hata tindo, analibeba zima zima. Kufuli ya kumi isingemzuia. Halafu kuna jambo ambalo hata majirani wengi hawalijui: sehemu kubwa ya mwaka sanduku hilo karibu ni tupu. Pesa ya kikoba hailali. Wanachama wananunua hisa, marejesho yanaingia, na papo hapo fedha inakopeshwa kwa wenye maombi. Mkutano ukiisha, kinachobaki ndani ni mfuko wa jamii, yaani ile pesa ya misiba na maradhi, na chenji.

Anayezuiwa na kufuli hizo ni mtu mwema.

Mchukue mama anayekaa na sanduku nyumbani kwake. Anaitwa mtunza sanduku, na sharti la kwanza la kazi yake ni kwamba hana ufunguo hata mmoja. Wenye funguo nao hawakai na sanduku, hawatoki nyumba moja, na katika vikundi makini si viongozi: mwenyekiti, katibu na mweka hazina wananyimwa funguo makusudi. Sasa saa nne usiku shemeji anagonga mlango. Mtoto ana homa kali, anaomba elfu hamsini, Jumatatu atarudisha. Shemeji si mwizi. Mama naye si mwizi, na kama angekuwa na ufunguo angempa kwa moyo safi kabisa. Jumatatu ingefika, pesa haipo, mama anaona haya kusema, anakopa kwingine kuziba pengo, na pengo linazaa pengo. Vikoba vinavyouawa na huruma ya namna hiyo sidhani kama ni vichache kuliko vinavyouawa na wizi. Asiye na ufunguo ana jibu ambalo haliharibu undugu: shemeji, hata mimi siwezi kulifungua. Lawama zimebebwa na kufuli.

Kufuli hizo zinamlinda pia dhidi ya midomo ya watu. Akijenga choo kipya au akitokea harusini na kitenge cha bei mbaya, hakuna atakayenong'ona kwamba ni hela za kikundi. Na ufunguo ukipotea? Kufuli inakatwa mkutanoni, mbele ya wote, na aliyepoteza ananunua nyingine.

Utaratibu huu haukubuniwa Moshi. Mwaka 1991, huko Maradi nchini Niger, shirika la CARE lilianza kusaidia vikundi vya wanawake vilivyoitwa kwa Kihausa Mata Masu Dubara, yaani wanawake wenye mbinu. Wengi wao hawakujua kusoma wala kuandika. Basi hesabu haikuwekwa kwenye daftari, iliwekwa vichwani: wote wanachangia kiasi kilekile, wote wanaona, wote wanakumbuka. Mfumo ukasambaa Afrika, ukafika Tanzania, na miaka ya 2000 ukaenea kwa jina la VICOBA, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya benki za jamii za vijijini. Kiswahili kikalimeza jina hilo na kuligeuza kana kwamba tulizaliwa nalo: kikoba, vikoba. Ile desturi ya Niger bado ipo. Kabla ya kufunga, salio linatangazwa kwa sauti. Mkutano ujao, kabla ya kufungua, yeyote anaweza kuulizwa lilikuwa kiasi gani. Ukisahau, unaaibika kidogo.

Moshi iliyapokea haya bila mshangao. Wazee wa mlimani walikuwa na mfongo, mfereji wa kuchukua maji juu mtoni na kuyateremsha taratibu kandokando ya mlima hadi kwenye vihamba vya migomba na kahawa. Hapakuwa na bili. Malipo yalikuwa jembe: siku ya kuusafisha mfereji unatoka, usipotoka unatozwa faini au zamu yako ya maji inapita. Baadaye wakulima wa kahawa waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika ambacho jengo lake bado liko katikati ya mji. Mwaka 1963 kikaanzishwa chuo cha ushirika, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Ila wazee hao hao wanakumbuka pia mwaka 1976, serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, na vikarudi baada ya sheria mpya ya 1982. Kwa macho yangu, ndiyo maana watu hapa wanaupenda ushirika na papo hapo hawaamini pesa wasiyoiona. Kwenye kikoba unaiona. Inahesabiwa mbele ya pua yako na watu wawili, ikiwa kwenye bakuli.

Na hesabu yenyewe inakwendaje? Tuseme kikundi kina wanachama 25, hisa moja ni shilingi 5,000, na kila wiki mwanachama ananunua hisa moja mpaka tano kadiri ya uwezo wake. Mwisho wa mzunguko zimenunuliwa hisa 3,000, yaani milioni 15. Riba za mikopo na faini zimeleta milioni 3. Jumla milioni 18, gawa kwa hisa 3,000: kila hisa sasa ni 6,000. Aliyekuwa na hisa 150 aliweka 750,000, anaondoka na 900,000. Mkopo kwa kawaida hauzidi mara tatu ya akiba yako, na dhamana ni wenzako waliokaa viti vya jirani.

Weka hapo pembeni mkopo wa kausha damu. Huko nako unapata pesa leo leo, lakini riba inaondoka na kwenda kwa mtu usiyemjua, na ukichelewa wanakuja kubeba televisheni na sufuria. Riba ya kikoba inaweza isiwe ndogo ukiitazama kwa mwezi, ila inazunguka na kurudi kwenye viti vilevile.

Kurudi huko, hata hivyo, hakuwi sawa kwa wote, na hili husemwa kwa sauti ndogo. Anayekopa sana huku ana hisa chache ndiye anayelipa riba nyingi, na faida inakwenda zaidi kwa mwenye hisa nyingi asiyekopa kabisa. Mara nyingi wa kwanza ni muuza mbogamboga na wa pili ana mshahara. Vikundi vyenye busara vinaweka kikomo cha hisa kwa wiki, tano na si zaidi, ili mwenye nacho asikigeuze kikoba kuwa shamba lake. Ukialikwa kujiunga, uliza kikomo hicho kabla hujauliza riba.

Ule mfuko wa jamii nao watu huuchukulia kama nyongeza. Kwangu ndio unaopunguza gharama za maisha kuliko hisa. Kila mkutano unaweka kiasi kidogo, sawa kwa wote, bila kutegemea faida. Ukifiwa au ukilazwa, kinatoka kiasi kilichoandikwa kwenye katiba, bila kubembeleza mtu. Vikundi vingine vinaendelea mbele: vinanunua turubai, viti na masufuria makubwa. Mwanachama mwenye msiba au kipaimara cha mtoto anavitumia bure, mtu wa nje anakodi, na kodi inaingia sandukuni. Piga hesabu ya kukodi vitu hivyo kwa siku tatu za msiba, utaelewa kwa nini kuna mama anayeweza kusamehe gawio lakini hawezi kukubali kutoka kwenye kikundi.

Siku hizi serikali nayo imeingia. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilivipa vikundi hivi daraja la nne, chini ya SACCOS, vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, zilizo daraja la tatu, na usajili unafanyika kupitia halmashauri. Wengine wamehamishia akiba kwenye simu, ambako pesa haitoki mpaka wahusika zaidi ya mmoja waidhinishe kwa namba zao za siri. Ni zilezile funguo za wale mama watatu, isipokuwa hazining'inii shingoni.

Simu inasaidia hasa kipindi kimoja cha hatari. Nimesema sanduku karibu ni tupu sehemu kubwa ya mwaka. Lakini kuvunja kikoba, yaani kugawana akiba na faida mwisho wa mzunguko, kunapokaribia, mikopo mipya inasimamishwa, marejesho yote yanaingia, na kwa wiki chache sanduku linajaa kweli. Vikoba vingi hupanga kuvunja Desemba, na Moshi sababu haihitaji maelezo: ndugu wanapanda mabasi kutoka Dar kuja Krismasi nyumbani, wenyewe wanasema kuhesabiwa, ndafu zinatafutwa, na Januari ada za shule zinasubiri mlangoni. Kila mtu mjini anajua hela iko wapi. Ndizo siku ambazo kikundi chenye akili kinapeleka pesa benki au kwenye simu, na kisicho na akili kinamwachia Mungu na mtunza sanduku.

Siku ya kuvunja, kila mtu anaitwa kwa jina, anahesabiwa pesa zake, anatia saini, na kurasa za kitabu chake zinapigwa mstari ili zisitumike tena. Kunaliwa pilau. Sanduku linapinduliwa, halina hata sarafu. Na bado, kabla watu hawajatawanyika, linafungwa tena kwa kufuli zote tatu.

Ni kwa sababu ya muhuri. Hisa hazionyeshwi kwa tarakimu kwenye kitabu cha mwanachama, zinagongwa: hisa moja, muhuri mmoja, na nafasi iliyobaki wazi inachorwa mstari papo hapo. Noti za elfu tano zilizomo sandukuni ukiziiba zitaisha. Mwenye muhuri na vitabu chumbani peke yake anaweza kujigongea hisa hamsini kabla chai haijachemka, na Desemba ijayo akaja kuzidai kwa heshima zote. Kwa hiyo muhuri, kidau cha wino na vitabu vipya vya mzunguko ujao vinalala ndani. Mama wa Kiboriloni, safari hii kawahi, anavuta kufuli yake mara mbili kuhakikisha, kisha anauzungushia ufunguo kwenye pindo la khanga.