Takumi Takahashi na lita 24 za mafuta

Mimi ni fundi wa pikipiki, na mbio nazitazama kifundi. Anayepita watu kwenye kona hanishtui sana. Namwangalia yule anayerudi piti, pale timu inapojaza mafuta na kubadilisha tairi, akiwa amebakiza vijiko viwili vya mafuta na tairi la nyuma bado linashika lami. Pale Suzuka, Japani, mtu huyo ni Takumi Takahashi.

Mbio za Saa 8 za Suzuka zilianza 1978. Huanza saa 5:30 asubuhi, waendeshaji wakikimbia kwa miguu kuvuka njia na kurukia pikipiki, na huisha saa 1:30 usiku, taa zikiwaka. Katikati kuna joto la kiangazi cha Japani, ambalo huchosha mtu kabla ya kuchosha injini.

Sasa twende kwenye hesabu, maana mchezo wenyewe uko hapo. Tenki ni lita 24. Mzunguko mmoja ni kilomita 5.821. Mwaka 2024 timu ya Takahashi ilimaliza mizunguko 220, rekodi ya mbio hizo. Gawa kwa zamu 8, yaani tenki 8 za mafuta: kila tenki lisukume karibu kilomita 160, yaani kilomita 6.7 kwa lita. Mwenye bodaboda ya cc 125 atacheka, lakini hii ni Honda ya cc 1000 inayokimbizwa kufa na kupona.

Mafuta hayo huokolewa na mkono wa kulia. Unaachia eksileta mapema kidogo kabla ya breki, unapandisha gia kabla injini haijapiga kelele, unajificha nyuma ya mwenzako akukatie upepo. Kila mzunguko unapoteza chembe ya sekunde. Ukilazimika kuingia piti mara moja zaidi, unapoteza zaidi ya nusu dakika. Kuna vijana wenye kasi kubwa ambao hawaujui kabisa ubahili huu.

Takahashi alishinda Suzuka kwa mara ya kwanza 2010, akiwa na miaka 20. Akarudia 2013 na 2014, na 2017 akatwaa ubingwa wa Japani wa daraja la JSB1000. Ulaya haikumpokea vizuri: 2020 alikuwa kwenye mbio za ubingwa wa dunia wa Superbike, 2021 kwenye za Uingereza, na hakuna la kusimulia. Aliporudi nyumbani, akashinda 2022, 2023, 2024 na 2025. Jumla mara 7. Aliyekuwa akiongoza kabla yake, Tohru Ukawa, alikuwa na 5.

Ushindi wa 2024 ulinipandisha presha. Timu ilipewa adhabu ya sekunde 40 kwa kosa la utaratibu wa kujaza mafuta, na akiba waliyokuwa nayo mbele ya Yoshimura, timu iliyokuwa ikiwafuata, ikabaki sekunde chache tu.

Ila ninaousifia zaidi ni wa 2025. Kwa kawaida waendeshaji ni watatu, wakipokezana pikipiki moja. Mwenzao Luca Marini aliumia kwenye majaribio hapohapo Suzuka, kisha Iker Lecuona naye akaumia kwenye mbio za Hungary. Wakabaki wawili, Takahashi na Mfaransa Johann Zarco. Ina maana ukishuka unavua kofia, unakunywa maji, unapoozwa mwili, na kabla hujatulia unaitwa tena. Waligawana saa zote 8 hivyo, wakamaliza mizunguko 217, Yamaha ikiwa nyuma yao.