Tarehe ya kuzaliwa haibadilishwi

Kuna sentensi moja kuhusu kubadilisha tarehe ya kuzaliwa, na mara ya mwisho nimeisikia kwenye foleni ya steshenari, hatua chache kutoka mahakamani. Kijana ameshika bahasha ya kaki, anataka tarehe ya kuzaliwa iliyo kwenye cheti chake cha kumaliza shule ifanane na ile ya kitambulisho cha taifa. Mama mmoja akamshauri kwa nia njema kabisa: "Mwanangu, kaape tu kwa wakili, tarehe ishabadilika." Waliokuwa nyuma wakaitikia. Mimi ni msaidizi wa kisheria, na sentensi hiyo imeshawapotezea watu niliowahudumia nauli, ada na miezi mizima.

Maana yenyewe ni fupi. Kusahihisha tarehe ya kuzaliwa ni kuifanya kumbukumbu iliyoandikwa ilingane na siku ambayo mtu alizaliwa kweli. Anayesahihisha ni mwenye kumbukumbu: rejista ya wanafunzi ni ya shule, taarifa za watahiniwa ni za Baraza la Mitihani, daftari la vizazi ni la RITA, wakala wa usajili hapa Tanzania, na taarifa za kitambulisho ni za NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa. Wewe unaomba na kuleta ushahidi.

Linaloniuma ni neno "kubadilisha". Kubadili kumetoka kwenye Kiarabu, mzizi mmoja na ule uliotupa "badala": unaondoa kitu hiki, unaweka kingine mahali pake, na vyote viwili vilikuwa vitu halali. Unabadili shati, unabadili fedha, unabadili shule. Tarehe ya kuzaliwa haina ya badala. Ulizaliwa siku moja, na siku hiyo imekwisha kupita hata kama hakuna aliyeiandika.

"Sahihi" nayo ni ya Kiarabu, ila imetoka upande mwingine kabisa. Ni ndugu wa "siha", yaani afya. Kitu sahihi ni kitu kizima, kisicho na ugonjwa. Kwa hiyo kusahihisha karatasi ni kuiponya, kuirudisha katika hali ambayo ingekuwa nayo tangu mwanzo kama mkono wa mwandishi usingeteleza. Na Kiswahili kikaongeza lake: jina unaloandika chini ya barua kwa mkono wako pia ni sahihi, kwa sababu ndilo linaloifanya barua iaminike. Tuna neno zuri hivyo, lenye afya, ukweli na uthibitisho ndani yake, halafu tunafika dirishani tunasema "nataka kubadilisha tarehe yangu."

Karani akisikia hivyo anaanza kutafuta sababu, na simlaumu. Katika utumishi wa umma watu hustaafu kwa hiari wakifika miaka 55 na kwa lazima wakifika 60, wachache wakiwa na umri wao maalumu. Anayejipunguzia miaka miwili anajiongezea mishahara ya miaka miwili. Wapo pia wanaotafuta umri wa kuingia jeshini au wa timu za vijana. Hao ndio wanaobadilisha. Usijiweke kwenye fungu lao kwa neno moja.

Sasa kiapo. Hati ya kiapo, au afidaviti, watu wameipa nguvu isiyo nayo. Afidaviti ni kitenzi cha Kilatini kizima kizima, maana yake "ameapa". Hakisemi kwamba rejista imerekebishwa wala kwamba karani amekubali. Kiswahili chetu kinaeleza zaidi. Zamani pwani, kiapo hakikuwa maneno tu, kilikuwa pia jaribio la kumjua mkweli: palikuwa na kiapo cha mkate, palikuwa na kiapo cha shoka lililotiwa motoni. Lililojaribiwa ni mwili wa mwapaji. Hali haijabadilika sana hata leo: kiapo kinamshika aliyeapa, na akiwa ameapa uongo anajitia kwenye kosa la jinai. Karatasi ya shule haikuapa, kwa hiyo kiapo hakiigusi. Mwenye rejista anakipokea kama ushahidi, anakipima pamoja na ushahidi mwingine, kisha anaamua.

(Ukishaapa, tazama pale chini kabla hujaondoka. Sheria inamtaka Kamishna wa Viapo, yule anayekuapisha, aandike kiapo kimeapwa wapi na tarehe gani. Pakiachwa wazi, hati yako ina kasoro hata kama muhuri umekolea.)

Na kuna wanaoambiwa watafute ile hati ambayo mawakili huiita kwa Kiingereza deed poll. Hiyo ni ya kubadili jina. Neno lake la pili lilimaanisha kilichonyolewa: mkataba wa watu wawili ulikatwa kwa meno meno ili kila upande ubaki na kipande kinachooana na cha mwenzake, lakini hati ya mtu mmoja ukingo wake ulinyolewa sawa, kwa kuwa hakuna wa pili wa kuoanisha naye. Jina ni hiari yako, unaweza kulitangaza peke yako. Siku ya kuzaliwa hukuichagua, na kuitangaza peke yako hakutoshi.

Kosa lenyewe mara nyingi ni la zamani kuliko cheti. Wazazi wengi walikumbuka mtoto alizaliwa mwaka wa vita vya Kagera, au mwaka wa njaa, au wakati wa mvua za El Niño, siku hawaijui. Kuna walioandikishwa darasa la kwanza kwa kupitisha mkono juu ya kichwa na kugusa sikio la upande wa pili, na mwalimu akajaza tarehe 1 Januari ili daftari lisibaki na nafasi tupu. Miaka ikapita, mtu akaenda kuomba cheti cha kuzaliwa ukubwani, akaambatisha cheti cha shule kama ushahidi. Kosa la mwalimu likapata cheti cha serikali. Sasa karatasi mbili zinakubaliana, na zote zimetoka kwenye kalamu moja.

Ndiyo maana wanaokuja kwangu huwauliza kwanza: karatasi ipi iliandikwa karibu zaidi na siku ya kuzaliwa? Kadi ya kliniki, tangazo la kizazi la hospitali, cheti cha ubatizo. Kisha naomba waende shuleni kuangalia rejista. Rejista ikiwa na tarehe ya kweli na cheti kikawa na nyingine, hilo ni kosa la kunakili, na barua ya mkuu wa shule inabeba sehemu kubwa ya kazi. Rejista yenyewe ikiwa imekosewa, hapo unahitaji cheti cha kuzaliwa na kiapo kinachoeleza kosa liliingiaje. Kiapo kisichoeleza, kinachosema tu "tarehe yangu sahihi ni hii", kinamwacha karani bila cha kushika.

Yule kijana nilimwomba afungue bahasha. Ndani kulikuwa na kadi ya kliniki iliyochakaa kwenye mikunjo, tarehe imeandikwa kwa wino wa bluu. Ilikuwa sawasawa na ile ya cheti cha shule. Iliyotofautiana ni ya kitambulisho.

Nikamgeukia yule mama. "Shikamoo, mama." "Marahaba." Nikamwonyesha kadi, nikamwambia kuapa hakukosea kumshauri, ila kijana hana tarehe ya kubadilisha, ana kitambulisho cha kusahihisha, na cheti cha shule akiache kama kilivyo. Akaisoma kadi taratibu, akamrudishia mwenyewe. "Basi mwanangu, anzia NIDA," akasema. "Na hiyo kadi usiikunje tena."