Dumuzi, Fukusi na Vidonge vya Kufukizia: Maswali na Majibu

Mahindi yaliyobunguliwa yana madhara kwa mlaji?
Fukusi, mdudu anayetoboa nafaka, mwenyewe hana sumu. Ukipepeta na kuosha, umemaliza. Shida ni kwamba wadudu wakizidi, gunia hupata joto na unyevu, kuvu huota na kuacha sumukuvu inayoharibu ini. Mwaka 2004 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, wengi wao wa Makueni na Kitui. Kupika hakuiondoi. Mahindi yenye ukungu usiyasage, usiyapikie pombe, wala usiwape kuku.

Naweza kuweka vidonge vya kufukizia kwenye gunia lililo chumbani?
Hapana, hata kidonge kimoja. Kikikutana na unyevu wa hewani hutoa gesi ya fosfini, inayoua mtu kama inavyoua dumuzi, mdudu mwingine anayebungua mahindi. Nyumba nyingi hazina ghala, kwa hiyo magunia hupangwa pembeni mwa kitanda cha watoto na madirisha hufungwa usiku. Alfajiri mtoto anatapika, kichwa kinamuuma, kifua kinambana, na wazazi wanadhani ni malaria. Mtoeni nje haraka, wahini hospitali, na mwambieni daktari dawa iliyotumika, maana gesi hii haina kiuasumu, yaani dawa ya kuondoa sumu yake mwilini. Ufukizaji ni kazi ya mtaalamu, kwenye ghala lisilolalwa na mtu.

Na dawa ya unga?
Ile iliyosajiliwa kwa nafaka inafaa, kwa kipimo cha kwenye pakiti, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa. Heshimu siku za kusubiri kabla ya kula. Dawa ya pamba au ya mboga isiguse chakula kilichohifadhiwa. Pukuchua kwanza: dumuzi, aliyetoka Amerika ya Kati na kuonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, hustawi zaidi mahindi yakiwa kwenye gunzi.

Kuna njia isiyo na dawa?
Ipo, na kwa familia yenye watoto ndiyo ninayoipendekeza: mfuko usiopitisha hewa, wenye tabaka mbili za plastiki ndani na kiroba nje. Kila tabaka lifungwe peke yake kwa kamba. Wadudu humaliza hewa iliyobaki humo na kufa. Ila mahindi yasiyokauka vizuri yatavunda humo humo, kwa hiyo pima unyevu kwanza. Tia mahindi kiasi na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, acha yatulie dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi juani, juu ya turubai.