Rastrelli na Kasri Lisilo na Rangi Yake: Dhana Potofu na Ukweli

Jina Bartolomeo Francesco Rastrelli huwafanya wengi wadhani kwamba mwenyewe alikuwa msanifu majengo bingwa aliyekwisha kukomaa Italia, kisha akaitwa Urusi apandikize usanifu wa Baroki, mtindo wa mapambo mengi ya kifahari. Kwa kweli alizaliwa Paris mwaka 1700, na alifika Saint Petersburg mwaka 1716 akiwa kijana asiyejenga hata kibanda, akimfuata baba yake, Carlo, mchongaji sanamu wa Florence aliyeajiriwa na Peter Mkuu, mtawala wa Urusi. Asili yake ni Italia, lakini jina alilipatia Urusi. Baba huyo ndiye aliyeunda sanamu ya Peter juu ya farasi, ambayo mara nyingine mwana husifiwa kwayo bure.

Dhana iliyoota mizizi zaidi inahusu Kasri la Majira ya Baridi la watawala wa Urusi huko Saint Petersburg, alilolijenga kuanzia mwaka 1754 hadi 1762. Mgeni akiziona kuta za kijani na nguzo nyeupe huamini kwamba ndivyo alivyoliacha Rastrelli, ilhali yeye alitaka kuta ziwe za njano hafifu ya mchanga. Baadaye zikapakwa rangi nyekundu iliyokoza, na kijani kikatawala katika miaka ya 1940. Ndani tofauti ni kubwa zaidi, kwa sababu moto wa Desemba 1837 uliteketeza kumbi zake. Msanifu Vasily Stasov alipoijenga upya Ngazi ya Jordan, ngazi kuu ya kasri, alifuata umbo la Rastrelli, lakini penye nguzo za waridi akaweka za matale ya kijivu. Anayezigusa leo anagusa mawe ya karne ya 19.

Kanisa Kuu la Smolny, kazi nyingine ya Rastrelli huko Saint Petersburg, nalo hudhaniwa kuwa limekamilika kama lilivyochorwa. Mnara wake wa kengele, uliokusudiwa kufikia mita 140, haukujengwa kamwe, na zile kuba tano hazikutoka Italia: Malkia Elizabeth wa Urusi ndiye aliyeshikilia kwamba kanisa lifuate desturi ya makanisa ya Moscow.

Tukija kwenye Kasri la Catherine huko Tsarskoye Selo, karibu na Saint Petersburg, wengi humhusisha Catherine wa Pili, malkia aliyetawala baada ya Elizabeth, na fahari yake yote. Jina hilo ni la Catherine wa Kwanza, mke wa Peter, na Rastrelli alilijenga upya kati ya mwaka 1752 na 1756 kwa amri ya Elizabeth, binti yao. Catherine wa Pili aliuona mtindo huo umepitwa na wakati, akapendelea mistari mitulivu ya usanifu wa kale, na dhahabu ya mapambo ya nje ilipochakaa ikafunikwa kwa rangi ya kawaida. Rastrelli mwenyewe alikuwa amekwisha kuondoka katika utumishi wa kasri. Alifariki mwaka 1771.