Walawiti wa Paulo hawakutoka Sodoma

"Biblia haihitaji kutafsiriwa, inahitaji kusomwa tu." Sentensi hii imenichosha. Mjadala wa Ukristo na mapenzi ya jinsia moja ukipamba moto, haikosi mtu wa kuitamka, na mara nyingi anaitamka akiwa ameshika Biblia ya Kiswahili, yaani tafsiri. Lugha yetu nayo imetutega. Neno "tafsiri" tunalitumia kwa kuhamisha maneno kutoka lugha hadi lugha, na pia kwa kueleza maana yake. Ndiyo maana mtu anaweza kuikana ya pili huku akila matunda ya ya kwanza.

Fungua 1 Wakorintho 6:9 katika Biblia ya Kiswahili ya Union Version. Paulo anataja makundi kumi ya watu ambao hawataurithi ufalme wa Mungu, na kundi la nne na la tano yameandikwa "wafiraji" na "walawiti". Lisome hilo la pili polepole. Kulawiti ni neno tulilolipata kwa Waarabu, na Waarabu walilijenga juu ya jina la Lut, ambaye ni Lutu, mpwa wa Ibrahimu. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili anafikishwa Sodoma kabla hajamaliza mstari. Paulo hakumpeleka huko. Neno lake la Kiyunani ni arsenokoitai, na ndani yake hamna Lutu, hamna mji, hamna moto wala kiberiti.

Sisemi kwamba watafsiri walichakachua. Walichukua neno ambalo lugha ilikuwa nalo. Ila neno hilo lilikuja na fasiri tumboni, na anayesema "mimi nasoma tu" ameshaimeza.

Si hilo tu. La nne katika orodha, lililoandikwa "wafiraji", kwa Kiyunani ni malakoi, maana yake halisi "walaini". Kivumishi hichohicho kipo Mathayo 11:8, kwenye "mavazi mororo", na hakuna mhubiri anayekemea mavazi yale kwa sababu hiyo. Kwa mwanamume, ulaini wa namna hii ulimaanisha mengi: uvivu, woga, anasa, kujiremba, na pia kukubali kuingiliwa. Sasa, mfiraji kwa Kiswahili ni yule anayetenda, na mlawiti vilevile. Tumepewa watendaji wawili mahali ambapo wafafanuzi wengi wanamwona mtendwa akifuatwa na mtendaji. Halafu nenda 1 Timotheo 1:10. Arsenokoitai lipo tena, lakini safari hii Union Version imeandika "wafiraji". Neno moja la Kiyunani lina majina mawili ya Kiswahili, na jina moja la Kiswahili linabeba maneno mawili ya Kiyunani. Ukilinganisha mistari hii kwa Kiswahili peke yake, utapotea ukiwa na uhakika kabisa.

Sodoma yenyewe niipitie haraka. Mwanzo 19 ni wanaume wa mji wanaotaka kuwabaka wageni. Ezekieli 16:49 anataja kiburi, shibe na kutomsaidia maskini. Wanaoupenda mstari huo wasikatishie hapo, kwa sababu wa 50 unaongeza "machukizo". Yuda 7, kwa Kiyunani, inasema walifuata "mwili mwingine", na kumbuka wageni wale walikuwa malaika. Ukitaka kujenga hoja juu ya watu wa jinsia moja, neno "mwingine" ni tofali bovu.

Sasa niwageukie wa upande wa pili, wanaoyatetea mapenzi hayo, wasidhani wamepona. Kuna hoja inayorudiwa kana kwamba inamaliza kesi: "Neno la mashoga liliingizwa kwenye Biblia mwaka 1946." Ukweli wake ni huu. Mwaka huo Agano Jipya la Kiingereza la Revised Standard Version liliunganisha malakoi na arsenokoitai na kuyapa neno moja tu, "homosexuals", neno lililobuniwa Ulaya karne ya 19. Ulikuwa uamuzi mbaya, kwa kuwa linataja mwelekeo wa mtu, hata asiyetenda chochote, na toleo la 1971 lililiondoa. Lakini kilichoingia 1946 ni neno la Kiingereza. Katazo lilikuwa linahubiriwa tangu Mababa wa Kanisa, kwa Kiyunani na Kilatini, bila kulisubiri. Na Union Version yetu haina neno hilo kwenye mstari huu, kwa hiyo kuipandikiza hoja hii kwa Biblia yetu ni kumshona mtu jeraha la jirani yake.

Turudi kwa arsenokoitai, maana hapa ndipo pande zote mbili hunikera. Neno limeunganishwa kwa arsen, mwanamume, na koite, kitanda au kulala. Haraka mtu anasema: basi, wanaolala na wanaume, tumemaliza. Hapana. Maana ya neno unganifu haitoki kwa kulipasua. Kiinuamgongo si jeki ya kunyanyulia mgongo, na mwanamaji hakuzaliwa na maji. Maana unaipata kwa kuangalia watu walivyolitumia, na tatizo ni kwamba halijapatikana popote kabla ya Paulo. Baada yake, matumizi mengi ni orodha za dhambi tu, na orodha haielezi. Dale Martin, msomi wa Agano Jipya, alionyesha kwamba katika baadhi ya orodha neno hilo limekaa karibu na dhuluma na wizi, kuliko karibu na uzinzi, akapendekeza lihusu unyonyaji wa kingono. Ni hoja ya kuheshimiwa. Udhaifu wake ni kwamba hapa 6:9 jirani zake wa juu ni waasherati na wazinzi, ingawa wa chini ni wezi.

Lakini pia maneno mengine yanapasuka vizuri: mpasua mbao anapasua mbao. Utajuaje hili ni la aina gani? Fanya hivi. Chukua Septuaginta, ile tafsiri ya Kiyunani ya Agano la Kale ambayo Paulo aliinukuu, fungua Walawi 18:22 kisha 20:13. Katika 20:13 maneno arsenos koiten yamekaa bega kwa bega. Kisha rudi nyuma sura moja katika barua yenyewe: 1 Wakorintho 5:1 anashughulikia mtu aliye na mke wa baba yake, kosa lililokatazwa Walawi 18:8. Kwa hiyo sura zile za Walawi zilikuwa kichwani mwake. Kwa maoni yangu neno hili limechongwa kutoka pale, na Paulo analikataa tendo lenyewe. Wanaotaka kumfanya asiyelijali wanamlazimisha.

Nilichokosa jibu ni picha iliyokuwa machoni pake. Mwanamume na mtumwa wake? Mtu mzima na kijana? Makahaba? Wenzi wa rika moja nao walijulikana zamani zile, tofauti na inavyodaiwa mara nyingi, lakini kama Paulo aliwafikiria hao, maandishi hayasemi. Na hata ukijua, kazi haijaisha. Robert Gagnon na William Loader, nao wasomi wa Agano Jipya, wote wawili wanaona Paulo alilikataa tendo hilo bila kubagua. Gagnon anasema kanisa limefungwa nalo, Loader anasema sivyo. Wanatofautiana juu ya mamlaka ya andiko kwa leo, na kamusi ya Kiyunani haina ukurasa wa jambo hilo.

Warumi 1 inahitaji makala yake, ila niguse mawili. Neno la Kiyunani physis limeandikwa "asili" katika Warumi 1, na "maumbile" katika 1 Wakorintho 11:14, ambako maumbile yanafundisha kwamba nywele ndefu ni aibu kwa mwanamume. Katika Warumi 11:24 Mungu mwenyewe anapandikiza mataifa kwenye mzeituni "kinyume cha asili", maneno yaleyale para physin ya 1:26. Hiyo haigeuzi 1:26 kuwa sifa, lakini inamzuia mtu kudai kwamba "kinyume cha asili" peke yake maana yake ni dhambi.

La pili ni wanawake wa 1:26. Wengi husoma kana kwamba imeandikwa "wanawake kwa wanawake". Haijaandikwa hivyo, mstari unasema tu walibadili matumizi ya asili. Agostino, mmoja wa Mababa wa Kanisa, aliona ni wanawake wanaoingiliwa na wanaume kwa njia isiyo ya asili. Yohane Krisostomo, Baba wa Kanisa mwingine ambaye Kiyunani kilikuwa lugha ya mama yake, aliona ni wanawake wao kwa wao. Ninaelekea kwa Krisostomo, kwa sababu mstari wa 27 unaanza na "wanaume nao vivyo hivyo". Ila "vivyo hivyo" ile inaweza kufunga kule kuacha asili tu, bila kufunga nani alikuwa na nani, na nimeshaibadilisha akili yangu juu yake zaidi ya mara moja.