Nani ameshika spana? Misaada ya ng'ambo na Kanisa la Anglikana kusini mwa Afrika

Wazee wa kanisa tunaowafundisha utunzaji wa fedha huwa na swali moja wanaloliweka mpaka saa ya chai: hivi Waanglikana wa Msumbiji, Angola na Malawi wanalishwa na Uingereza? Jibu ni hapana, na sababu yake inafaa ijulikane na kila mtoa sadaka. Kanisa la Anglikana halina hazina kuu. Askofu Mkuu wa Canterbury halipi mshahara wa padre wa Lichinga wala wa Luanda, na hana mamlaka ya kumhamisha. Kila jimbo, yaani muungano wa dayosisi kadhaa, lina katiba yake, sinodi yake na mfuko wake, na mfuko huo hujazwa kwanza na waumini wenyewe: sadaka ya Jumapili, fungu la kumi, mavuno, na yule kuku anayenadiwa mlangoni baada ya ibada mpaka anafika bei ya mbuzi.

Kinachotoka ng'ambo ni nyongeza. Kwa kawaida hakitoki kwa serikali wala kwa askofu fulani tajiri, bali kwa mashirika ya hisani, mengine madogo kiasi kwamba kazi yote hufanywa na watu wachache wanaojitolea jioni baada ya kazi zao. Mawili niliyozoea kuyatolea mfano ni MANNA, lililoundwa kusaidia Kanisa la Anglikana Msumbiji na Angola, na ALMA, kiungo kati ya Dayosisi ya London na dayosisi za nchi hizohizo mbili. Kubwa na kongwe kuliko hayo mawili ni USPG, shirika la kimisionari la Uingereza ambalo mzizi wake ni wa mwaka 1701.

Kwanza tuiweke ramani sawa, maana watu huchanganya. Jimbo lenye makao Cape Town linachukua Afrika Kusini, Lesotho, Eswatini, Namibia na kisiwa cha St Helena kilichoko mbali huko Atlantiki. Botswana, Malawi, Zambia na Zimbabwe wamekuwa pamoja tangu 1955 katika Jimbo la Afrika ya Kati. Msumbiji na Angola walikuwa chini ya Cape Town hadi Septemba 2021, ndipo wakapata jimbo lao, linaloitwa kwa kifupi IAMA, likiwa na dayosisi 12: nane za Msumbiji na nne za Angola. Ni Waanglikana wanaosali na kuandika ripoti kwa Kireno. Jambo hilo linaonekana dogo mpaka uone mhasibu wa dayosisi akihangaika kujaza fomu ya Kiingereza ya mfadhili, huku vocha zake zote, kuanzia ya saruji hadi ya dizeli, zimeandikwa kwa Kireno.

Sisi wa huku Kiswahilini tuna undugu wa karibu na kanisa hilo kuliko wengi wanavyodhani. Misheni ya vyuo vikuu, UMCA, ilizaliwa baada ya David Livingstone kuhutubia Cambridge mwaka 1857. Kundi la kwanza lilikwenda nyanda za Shire, katika Malawi ya leo, likaandamwa na homa na vita vya watumwa, na askofu wake, Mackenzie, akafa mapema mwaka 1862. Aliyemfuata, Tozer, akahamishia kazi Zanzibar. Kutoka Zanzibar, Edward Steere akawapeleka watu waliokombolewa utumwani mpaka Masasi mwaka 1876, na kutoka upande huo wamisionari kama Johnson na Maples wakasonga mpaka Ziwa Nyasa. Kisiwa cha Likoma kikawa kitovu, na ng'ambo ya maji, upande wa Msumbiji, likaota kanisa la Messumba, karibu na Metangula. Kwa hiyo Muanglikana wa Messumba na wa Masasi ni watoto wa tumbo moja. Wale wa kusini mwa Msumbiji wana njia nyingine: dayosisi yao ya Lebombo iliundwa 1893, na waliolieneza kanisa hilo vijijini walikuwa kwa sehemu kubwa wanaume waliotoka kuchimba dhahabu Johannesburg, wakarudi nyumbani na sanduku la bati na kitabu cha sala.

Mwaka 1965 UMCA iliungana na SPG, shirika lile la 1701, na hapo ndipo jina la USPG lilipotokea. SPG ina ukurasa mchungu ambao mimi huusoma darasani kwa makusudi. Mwaka 1710 tajiri mmoja, Christopher Codrington, alifariki akaliachia shirika mashamba yake ya miwa huko Barbados, pamoja na watumwa waliokuwamo. Shirika la kueneza Injili likawa mmiliki wa watumwa mpaka utumwa ulipokomeshwa katika makoloni ya Uingereza miaka ya 1830. Kwa kipindi fulani watu hao walichomwa chapa ya neno "Society" kifuani. Mwaka 2023 USPG ilitangaza pauni milioni 7 kwa mradi wa fidia na upatanisho huko Barbados, wa miaka kadhaa. Wapo wanaosema ni kidogo, wapo wanaosema yaliyopita si ndwele. Mimi nawaambia wanafunzi hivi: fedha ya hisani ina asili, na mpokeaji ana haki ya kuiuliza, kama vile mtoaji alivyo na haki ya kuuliza imekwenda wapi.

Hapo kwenye "imekwenda wapi" sheria ya Uingereza ina meno. Shirika la hisani husajiliwa kwa Tume ya Mashirika ya Hisani, na daftari la tume hiyo liko wazi mtandaoni. Ukiwa Kigamboni au Kisumu unaweza kufungua hesabu za mwaka za shirika fulani na kuona limepokea nini na limetumia nini. Wadhamini wake kwa kawaida hawalipwi. Mlipakodi wa huko akitoa pauni moja na kutia saini tamko la kodi, serikali huongeza senti 25 juu yake. Na kuna kanuni inayowapa makatibu wa dayosisi presha kuliko zote: fedha iliyotolewa kwa kusudi maalumu haiguswi kwa kusudi lingine. Zikija za mabati ya kanisa, ni za mabati. Gari la askofu likiishiwa mafuta wiki hiyo, litakaa.

Kanuni hiyo inamlinda mtoaji, lakini ina upande wa pili. Mtoaji hupenda kitu kinachopigika picha: kisima, darasa, kengele. Nani atachangia bando la intaneti la mhasibu, au nauli ya katekista anayehudumia makanisa sita kwa baiskeli? Dayosisi nyingi hujikuta na miradi mizuri na ofisi isiyo na wino wa printa. Kwa maoni yangu, shirika linalotoa sehemu ya fedha bila masharti ya kitu kimoja, kisha likadai hesabu safi, linafanya kazi kubwa kuliko lile linalojenga majengo kumi yenye vibao vya majina.

Tuchukue kisima, kwa kuwa ndicho ombi la kawaida kabisa kutoka vijijini. Msumbiji kaskazini utakuta sana pampu ya mkono aina ya Afridev. Iliundwa miaka ya 1980, majaribio yake yakifanyika Malawi na Kenya, kwa lengo moja: wanakijiji wenyewe waweze kuitengeneza. Huhitaji winchi wala fundi wa mkoa. Spana moja inafungua kichwa cha pampu, vyuma virefu vinavutwa kwa mkono kimoja kimoja, na pistoni inatoka navyo. Kinachochakaa mara nyingi ni kitu kidogo tu, mpira wa kuzuia maji ndani ya pistoni, na vile vikombe vya plastiki ambapo mpini unazungukia. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na bei ya kuchimba. Mpira ukiisha, akina mama wanapampu mara thelathini ndoo haijajaa. Ukiisha kabisa, maji yanakata, na watoto wanarudi mtoni.

Sasa uliza: spana iko kwa nani? Kama iko kwa kamati ya maji ya kijiji, yenye mweka hazina anayekusanya metikali chache kila mwezi kwa kila nyumba, na kuna watu wawili watatu, wanawake wakiwemo, waliofundishwa kuvuta vile vyuma, pampu itadumu. Kama iko ofisini mjini, ndani ya droo, kwa sababu mradi uliisha siku ya uzinduzi, basi mfadhili amenunua picha. Shirika makini huandika kwenye bajeti yake mafunzo ya kamati, vipuri vya mwanzo, na ziara ya kukagua mwaka wa pili. Ni mistari isiyovutia, na ndiyo ya kwanza ninayoitafuta nikikabidhiwa andiko la mradi. Wahubiri na masheikh wa kijiji huwa katika kamati hiyohiyo, kwa sababu maji hayaulizi dini, na huko mkoani Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, Waislamu ni wengi.

Kazi iliyoleta sifa kubwa zaidi kwa Waanglikana wa Msumbiji haikubuniwa London. Dinis Sengulane alikuwa Askofu wa Lebombo tangu 1976 hadi 2014, kipindi kilichomeza vita yote ya wenyewe kwa wenyewe. Alikuwa miongoni mwa viongozi wa makanisa waliokutana na waasi wa Renamo mjini Nairobi mwaka 1989, wakati hata kutaja mazungumzo kulihesabiwa na wengine kuwa usaliti. Mkataba wa amani ulitiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba 1992, lakini silaha zikabaki: zimefukiwa mashambani, zimefichwa darini. Mwaka 1995, kupitia Baraza la Kikristo la Msumbiji, Sengulane alianzisha mradi wa kugeuza silaha kuwa majembe, akilichukua neno la Isaya kama lilivyo. Ulete bunduki, uchukue jembe, baiskeli, cherehani au mabati. Silaha zilikatwakatwa, na wasanii wa Maputo wakaunga vipande. Kiti cha enzi kilichotengenezwa na Cristóvão Canhavato mwaka 2001 kiko katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Mgongo wake ni vitako vya bunduki, na sehemu zake nyingine nazo ni vipande vya silaha.

Fedha za baiskeli na cherehani zilitoka nje, Christian Aid wakiwa miongoni mwa waliochangia. Wazo, ujasiri wa kwenda kwa watu wenye silaha, na uaminifu wa kutowauliza majina, vilitoka ndani. Askofu huyohuyo baadaye aliongoza kampeni ya malaria iliyokutanisha Waislamu, Wakristo na wengineo, kwa hoja kwamba mbu hachagui msikiti wala kanisa. Misaada ikija nyuma ya watu wa namna hii hufanya kazi. Ikija mbele yao, ikawaambia la kufanya, huishia kwenye semina na fulana.

Majanga nayo yamefundisha. Kimbunga Idai kilipiga Beira usiku wa tarehe 14 Machi 2019, na wiki sita baadaye, Aprili 25, Kenneth kikaingia Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji unaopakana na Tanzania. Mwaka 2023 kikaja Freddy, kikaigonga Msumbiji mara mbili na kuua zaidi ya watu elfu moja, wengi wao Malawi. Katika siku kama hizo kanisa dogo halina helikopta, lakini lina kitu ambacho mashirika makubwa hutumia majuma kukitafuta: katekista anayejua nani anaishi nyumba ipi, bibi gani hawezi kutembea, na ni nyumba gani mume yuko Afrika Kusini. Fedha ikitumwa moja kwa moja kwa dayosisi, mahindi na turubai hununuliwa soko la karibu, na mfanyabiashara wa hapo naye anainuka. Kontena la nguo za mitumba, kinyume chake, hukaa bandarini likidaiwa ushuru mpaka msimu wa mvua unaisha. Nawasihi ndugu zetu walioko Ulaya na Ghuba: msitume kontena.

Cabo Delgado ni habari ya jirani kabisa. Mashambulizi yalianza Mocímboa da Praia Oktoba 2017, na yamewang'oa mamia ya maelfu ya watu. Wamwani wa pwani ile lugha yao ni jirani ya Kiswahili. Wamakonde wana ndugu pande zote mbili za Ruvuma. Wengi wa waliokimbia hawakupokelewa kambini kwanza. Walipokelewa na familia, wakalala sebuleni, wakala kilichokuwa cha watu sita wakiwa kumi na tano. Msaada unaopita katika misikiti na makanisa unaweza kumfikia na huyo mwenyeji, ambaye jina lake halipo kwenye orodha yoyote ya wakimbizi.

Ukitaka kuchangia kazi ya namna hii, tafuta kwanza jina la shirika katika daftari la usajili la nchi yake, usome hesabu zake za miaka miwili mitatu. Usitume chochote kwa namba ya simu iliyokuja na picha ya askofu. Matapeli hutumia sana sura za maaskofu kwenye Facebook na WhatsApp, na askofu wa kweli hataomba fedha za haraka kwa ujumbe wa usiku. Piga simu ofisi ya dayosisi au ya mtaa wako wa kanisa, uulize kama wanalifahamu shirika hilo. Eleza kwa maandishi fedha ni za nini, au andika wazi kwamba ni za matumizi ya kawaida ya ofisi, ambazo nakuhakikishia zitapokelewa kwa shangwe. Na kama ni kisima, omba jina la kamati ya maji, na aliyekabidhiwa spana.